Mwonjaji wa Mtaa wa Asali

Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akilamba asali mara ya pili. Watu wana methali yao, kwamba mwonja asali haonji mara moja. Yeye akiisikia alicheka. "Aliyeitunga hakuwa na kazi ya kufanya," alisema. "Mwenye kazi huonja mara moja, akatema."

Jina lake nalijua ila sitaliandika, kwa sababu mtaani hapakuwa na mtu aliyelitumia. Wakubwa walimwita Mwonjaji, na sisi wengine tulimwita Bibi. Kibaraza chake kilikuwa katikati ya mtaa unaotoka sokoni kwenda stesheni ya Tabora. Kibao cha mji kiliupa mtaa ule jina jingine, lakini sisi tuliuita Mtaa wa Asali. Wanaume wa Usinge na misitu ya upande ule walifika kwa baiskeli, madebe mawili yamefungwa nyuma, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Wanunuzi waliteremka kwenye treni, wa Dodoma, wa Mwanza, wa Dar es Salaam. Kati ya mwenye debe na mnunuzi alikaa yeye, juu ya kigoda, pembeni yake fungu la vijiti alivyochonga asubuhi hiyo.

Kazi yake ilichukua muda mfupi kuliko kuieleza. Alifungua kifuniko, akaacha upepo upite juu ya asali, akanusa. Alichovya kijiti, akakigusisha ulimini, akatema kwenye kopo la mchanga, akavunja kijiti. Ikiwa nzuri alisema neno moja tu: "Ipimwe." Mizani ililetwa na mnunuzi hakuuliza tena. Ikiwa mbaya hakusema kitu. Alichota maji mtungini kwa kata akampa mwenye asali. Yule alikunywa, akashukuru, akafunga debe lake kwenye baiskeli, akaondoka. Hakuna aliyecheka. Msimu uliofuata mtu yule yule alirudi na asali nyingine, akapokewa kama vile hajawahi kunyweshwa maji maishani mwake.

Nimesoma habari za masoko na nimeyaona ya nchi tatu. Mahali ambapo mtu anaambiwa mali yake ni mbovu na anasema ahsante, nimepaona pale tu.

Siku moja alikuja mkulima wa tumbaku kutoka Urambo na debe la asali nyeupe iliyong'aa kama samli. Mnunuzi wa Mwanza alikuwa tayari ameshaikodolea macho. Mwonjaji alifungua kifuniko, akakirudisha bila hata kuchovya kijiti.

"Umeiweka bani, baba?" aliuliza. Bani ni kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moshi.

"Siku mbili tu, Bibi. Nyumbani paa linavuja."

"Asali haijui kuhesabu siku," alisema, akachukua kata.

Ulimi wake aliutunza kama wengine wanavyotunza cherehani. Chai alikunywa bila sukari. Wavuta sigara walikaa upande ule upepo unakoelekea, na muuza kahawa wa jirani alikatazwa kukaanga buni kabla ya saa sita. Asali yenyewe hakuipenda. Nyumbani kwake haikuwemo hata kijiko. Lakini Ijumaa, siku ambayo hakuonja, alipika pilau na kuila na pilipili hadi machozi yakamtoka, kisha Jumamosi asubuhi akawakatalia watu waliosafiri siku nzima. "Ulimi bado unachechemea," aliwaambia. "Rudini alasiri." Walikwenda kulala chini ya miti ya stesheni, wakarudi alasiri.

Mambo mengine yote alidanganya. Alidanganya vizuri, bila sababu, na bila kukumbuka. Mara alikuwa amekwenda Kigoma kwa miguu nyuma ya wapagazi, mara amekwenda kwa treni daraja la kwanza. Mara alikataa posa ya Mwarabu, mara ya Waarabu watatu. Muuza kahawa alipenda kumchokoza.

"Bibi, juzi walikuwa wawili."

"Juzi wa tatu alikuwa hajafika."

"Na ulipokwenda Kigoma kwa miguu, reli ilikuwa haipo?"

"Ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka."

Alisali sala tano na alitukana kwa Kiswahili na Kinyamwezi. Akimkuta paka wa mtu amelala kwenye kigoda chake, alisimama hadi paka aamke. Alimfukuza mpangaji aliyempiga mkewe, kisha akamlaumu mke kwa wiki nzima kwa kuwa hajui kupika. Usiku wa uhuru alikuwa na homa, akakataa kutoka. Kesho yake aliwasimulia wote jinsi alivyocheza ngoma mpaka alfajiri, na sisi tuliompikia uji usiku ule tulinyamaza.

Nasema sisi kwa kuwa nilikuwa mpangaji wake. Chumba cha nyuma, kitanda cha kamba, dirisha moja linalotazama choo. Hapo ndipo nilipojitengeneza. Hakuna mjomba aliyenilipia ada wala padri aliyeniandikia barua. Nilibeba mizigo ya abiria stesheni mchana, nikasoma masomo kwa njia ya posta jioni, nikafaulu mtihani ambao wana wa watu wenye viti na taa za umeme walishindwa. Nikapata nafasi ya kwenda Ulaya, nikakaa miaka mitatu katika mji wa baridi, nikarudi na stashahada ya mipango miji. Katika mkoa wetu wakati ule hatukuwa wawili. Sisemi hivi ili nisifiwe, nasema kilichokuwepo.

Yeye alinisaidia kwa namna yake. Aliwaambia watu kwamba mimi ni mtoto wa dada yake, ambaye hakuwahi kuwa naye, ili wenye chuki wasiseme mama mjane anaishi na kijana wa kupanga. Asubuhi ya mtihani alinipa uji wa ulezi na kuniambia, "Ukishindwa, rudi. Ukifaulu, rudi pia."

Nilirudi. Niliukuta mtaa umelala. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefungwa ili kupisha ya ushirika, na ya ushirika mengi hayakuwa yamefunguliwa. Wauza vitambaa walikuwa wamehama na vitambaa vyao. Wanaume wa Usinge walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa kando ya barabara, na mizinga yao imebaki msituni mwendo wa siku mbili. Asali ilikuja kidogo. Mwonjaji alikaa kibarazani, na siku nyingine vijiti vyake vilirudi ndani vyote vizima.

"Bwana Ulaya!" muuza kahawa aliniita siku ya kwanza. "Umetuletea nini huko?"

"Nimeleta elimu."

"Ya kilo ngapi?"

"Mwacheni mwanangu," Mwonjaji alisema. "Amekonda. Huko walikuwa wanampa viazi." Kisha akanitazama viatu, suruali, tai, na mkoba wa ngozi. "Marahaba," alisema, ingawa nilikuwa sijaamkia bado. Niliamkia.

Kamati ya mji ilinipa kazi ya kuufufua mtaa ule, moyo wa biashara wa mji mzima. Nilikuwa kijana kuliko wote mezani na ndiye pekee niliyejua kuchora kwa vipimo. Mchoro wangu ulipitishwa bila kubadilishwa hata mstari. Katikati ya mtaa lingejengwa Jengo la Asali, lenye dirisha la kioo upande wa mbele, na nyuma ya kioo tangi moja kubwa linaloonekana na kila apitaye. Vijiji vyote vingeleta asali yao hapo. Isingekuwepo tena asali ya huyu na ya yule. Ingekuwa ya wote, bei moja, tangi moja. Wanunuzi wangerudi, na wakirudi wanunuzi maduka mengine yangefunguka. Mwenyekiti wa kamati alisimama kunipa mkono. Alisema hii ndiyo siasa yetu imewekwa kwenye karatasi.

Nilimpelekea Mwonjaji mchoro huo, nikautandaza miguuni pake.

"Hapa ndipo tangi litakapokaa, Bibi. Asali zote zitaingia humu."

"Za nani?"

"Za wote."

Aliutazama mchoro muda mrefu. Hakujua kusoma, lakini aliweka kidole mahali penyewe hasa palipokuwa na tangi. "Na mbaya nayo itakwenda wapi?"

"Hakutakuwa na mbaya. Itachanganyika."

"Ndiyo," alisema. "Itachanganyika."

Nilimwambia atapewa kiti humo ndani na cheo cha mkaguzi. Alisema ndani hakuna upepo. Nilimweleza habari ya feni. Alicheka hadi muuza kahawa akaja kuuliza kuna nini, naye akamweleza habari ya feni, wakacheka wote wawili. Sikukasirika. Nilizoea watu wasioona mbali.

Jengo lilikwenda vizuri ila kioo kilichelewa. Kilitoka Dar es Salaam kwa treni na kikafika kimepasuka, kikaagizwa kingine. Mwenyekiti alitaka tufungue bila kioo, tuweke mbao. Nilikataa. Jengo bila kioo lisingekuwa jengo langu. Wakati huo asali ya vijiji ilikuwa imeshakusanywa na haina pa kukaa, na ghala lililokuwa tupu lilikuwa moja tu, la tumbaku, Urambo. Mimi ndiye niliyetia saini ikae huko. Ilikaa majuma mawili, hadi kioo kilipofika ikamiminwa tangini.

Siku ya ufunguzi ilikuwa asubuhi yenye upepo. Palikuwa na ngoma, vitambaa vya kijani na bendera, na mgeni rasmi aliyevaa suti ya mikono mifupi. Nilikuwa nimepanga kila kitu, pamoja na kwamba Mwonjaji angeonja mbele ya watu. Hilo halikuwa pambo. Wazee wa Usinge walikuwa wamemwambia mwenyekiti waziwazi kwamba msimu huu wametoa asali yao kwa kuwa wameambiwa watoe, lakini msimu ujao wataleta tu kama Bibi atasema neno lake. Nilimletea kigoda chake, na mtungi na kata vikawekwa karibu kama ilivyo desturi yake. Nyuma kabisa walisimama wanaume wa Usinge na baiskeli zao, watu wapatao ishirini. Mmoja wao, mzee mrefu mwenye koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua, alikuwa amekuja na debe lake binafsi nyuma ya baiskeli. Alisema haliweki chini mpaka asikie.

Nilifungua kifuniko cha tangi mwenyewe. Harufu ilinipiga usoni. Ilikuwa tumbaku, ya moshi, nzito. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa pwani na hakujua asali inanukaje, akatabasamu. Mwenyekiti alijua. Aliangalia viatu vyake.

Ningeweza kusema kifuniko kimekwama, au kwamba hotuba itangulie. Mimi ni mtu wa kufikiri haraka, na siku ile sikufikiri. Nilichukua kijiti, nikachovya, nikampelekea.

"Bibi," nilimwambia, "onja."

Hakunitazama mimi kwanza, alitazama kijiti. Akakigusisha ulimini. Tulingoja ateme. Hakutema, alimeza. Katika miaka yote ile sikuwa nimemwona akimeza. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye kata, ukaishika, na nyuma kule wanaume wa Usinge wakanyoosha shingo. Kisha akaniangalia. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha stesheni akiwa ndani ya treni inayokwenda.

Aliiacha kata.

"Ipimwe," alisema.

Makofi yalipigwa, ngoma zikaanza, mgeni rasmi akakata utepe. Nyuma hawakupiga makofi. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwao. Yule mzee wa koti alikaza kamba ya debe lake, akageuza baiskeli, akaisukuma taratibu hadi mwisho wa mtaa ndipo akapanda. Wengine walimfuata mmoja mmoja. Niliwaona. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jengo langu, napeana mikono na watu.

Wanunuzi wa Dodoma walichukua asali ya tangi mara moja, hawakurudi. Msimu uliofuata vijiji vilileta kidogo, na uliofuata havikuleta. Watu wa Usinge walipeleka asali yao stesheni ya Urambo wakaiuza kwenye madirisha ya treni, kila mtu na debe lake, kila mtu na maneno yake. Mtaani kwetu hawakupita tena na asali. Walipita na mengine, wakamwamkia Mwonjaji kibarazani kwa heshima ile ile, wakamuulizia magoti. Hakuna aliyemlaumu, lakini hapakuwa na aliyemletea kitu aonje. Alikaa na vijiti vyake miezi kadhaa, kisha akaacha kuvichonga. Muuza kahawa, ambaye sasa alikuwa huru kukaanga buni saa yoyote, aliendelea kukaanga baada ya saa sita.

Maduka hayakufunguka. Fundi cherehani wa mwisho alihamia karibu na stendi. Tangi liliondolewa, ikawekwa mbolea. Niliandika taarifa, nikataja uhaba wa usafiri na mvua chache, na vyote viwili vilikuwa kweli. Nilipandishwa cheo nikahamishiwa mkoa mwingine. Huko nimechora soko linalofanya kazi mpaka leo, na kituo cha mabasi. Kazi zangu ni nyingi na zinaonekana. Niliposafiri kwenda huko nilimuaga Mwonjaji, akanipa karanga za njiani na kunisimulia jinsi alivyowahi kufika mkoa huo kwa ndege. Nilikuwa nangoja aseme jambo. Hakusema. Sikusikia uchungu wala nafuu. Nilikula karanga kwenye treni.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi, wakati wa ile shida ya bidhaa. Nilikuwa nimekuja Tabora kwenye mkutano. Jengo langu lilikuwa limegeuzwa duka la ugawaji, na asubuhi ile sukari ilikuwa imefika. Foleni ilitoka mlangoni ikapita mbele ya kioo ikakunja kona. Yeye alikuwa karibu na kona, amejifunika kanga mbili, amekuwa mdogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alinitambua kwa sauti. "Umenenepa. Sasa umeoa mpishi."

"Unapanga foleni ya sukari? Wewe hunywi chai ya sukari."

"Ya wapangaji. Wao wana kazi, mimi nina miguu."

Nilimwambia angojee pale, nitapita mlango wa nyuma nimchukulie. Meneja wa duka alinijua. Mtu wa cheo changu hapangi foleni.

"Kilo ngapi wanatoa huko nyuma?" aliuliza.

"Utakazo."

Alifikiri. "Na hawa waliotangulia mbele yangu?"

Nilisimama nyuma yake. Mwanamke aliyekuwa nyuma alilalamika kwamba naingilia, Mwonjaji akamwambia mimi ni mtoto wa dada yake, nilikwenda haja tu. Yule mama akanyamaza. Foleni haikuwa inasogea. Nilimuuliza, kwa kuwa tulikuwa hatuna la kufanya na kwa kuwa kesho yake nilikuwa naondoka.

"Bibi, siku ile ya mgeni. Asali ilikuwaje?"

"Ilikuwa mbaya sana," alisema mara moja, kama vile nimemuuliza jana. "Hata leo naisikia."

"Kwa nini basi ulisema ipimwe?"

Hakuwa na hasira. Alivuta kanga begani.

"Mtu wa Usinge akinywa maji yangu anakwenda zake kwao. Ana msitu, ana mizinga, mwakani atakuja. Wewe ungekwenda wapi? Nilikutazama nikaona huna pengine. Ulikuwa unatetemeka mpaka kijiti kinadondosha asali kwenye nguo yangu."

Nilimwambia sikutetemeka. Nimesimama mbele ya mawaziri na michoro yangu, sijawahi kutetemeka mbele ya mtu. Nilimwambia hivyo kwa sauti iliyowafanya wengine wageuke.

"Haya," alisema. "Hukutetemeka."

Nilitazama kioo. Ndani yake palikuwa na magunia na mtu anayepima. Nilingoja nisikie kitu, aibu au huzuni, kama mtu anavyongoja dawa ifanye kazi. Nilikuwa nimesimama tu. Ndipo nikamuuliza kama alijuta.

"Nimedanganya maisha yangu yote," alisema, "na hakuna aliyenidai kitu. Uongo wa ulimi huu ulikuwa mmoja. Nilijua uongo huo utachukua kila kitu. Nilijua kabla sijameza."

"Na ukasema."

"Nikasema." Alitazama mbele. Watu waliomtangulia walikuwa wamekwishasogea, nafasi imebaki wazi, na mama wa nyuma ameanza tena kulalamika.

"Sogea," aliniambia. "Foleni inakwenda."

Nikasogea.